MREJESHO: Maneno ya utafutaji kwa picha za kuuza mtandaoni

Wakuu, niliuliza namna ya kuchagua maneno ya utafutaji ili wanunuzi wazione picha zangu. Ushauri wa kuyapanga kwa uzito umesaidia, hasa Adobe Stock (soko la picha mtandaoni), ambako maneno 10 ya mwanzo ndiyo yenye nguvu zaidi. Kikomo chao ni maneno 49 kwa picha, na Shutterstock, soko jingine kama hilo, ni 50, ila sioni haja ya kukijaza. Picha ya bibi mwenye simu sasa inaanza na "mwanamke mzee", "simu", "kusoma ujumbe", halafu ndiyo yanafuata mawazo: upweke, familia, mawasiliano. "Nzuri" na "picha" nimeyafuta (nani anatafuta hivyo?). Aliyesema nitaje idadi ya watu na nafasi tupu ya kuweka maandishi, asante sana: picha zenye maneno hayo ndizo zimeanza kupakuliwa. Video bado sijazigusa.