Mhudumu wa afya mwenye mafua: abaki zamu au arudi nyumbani? Tujadili, watu wa Kigoma na Tabora

Mtoa mada

Ndugu zangu, habari za huko. Mimi ni muuguzi mkunga kwenye zahanati moja ya mwambao, kaskazini ya Kigoma mjini. Mafua yamekamata vijiji vyetu. Sizungumzii makamasi ya siku mbili. Hii ni homa ya ghafla, viungo vinauma, kikohozi kikavu, mtu mzima na nguvu zake analala chini siku tatu. Wagonjwa wanajaa kwenye benchi, na sisi tunaowahudumia tunaanguka mmoja mmoja.

Swali langu: mhudumu akishaanza homa na kikohozi, aendelee na zamu kwa kuwa hakuna wa kumpokea, au arudi nyumbani hata kama zahanati itabaki na mtu mmoja?

Mimi nasema arudi nyumbani. Asiitwe mvivu, mshahara wake usiguswe, na wilaya iwe inajua mapema nani atashika nafasi yake.

Virusi vya influenza, yaani vya mafua haya makali, huanza kuambukiza wengine kama siku moja kabla mwenyewe hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku tano hadi saba baada ya dalili kuanza. Siku tatu nne za mwanzo ndizo kali zaidi kwa kuambukiza, na ndizo hasa tunazojikaza nazo kazini. Asubuhi moja tu nampima tumbo mjamzito, nabeba mtoto wa kliniki nimweke kwenye mizani, namsogelea mzee wa kisukari nimpime presha. Hao wote wamo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya watu ambao mafua huwaelemea: wajawazito, watoto wadogo, wazee, wenye magonjwa ya kudumu. Shirika hilo linakadiria kuwa mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka, kwa matatizo ya upumuaji peke yake.

Huku kwetu vifo hivyo havionekani, maana kila homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu anakuja anatetemeka, tunampima kwa kipimo cha haraka, kinasoma hasi, anaondoka na amoksilini, dawa ya bakteria isiyofanya lolote kwa kirusi. Akirudi wiki ijayo kifua kimebana na akatutoka, tunaandika nimonia. Kwenye takwimu za wilaya mafua hayajaua mtu.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Hapa jirani tuna hifadhi ya Gombe. Mgeni mwenye mafua haruhusiwi kwenda kuwaona sokwe, kwa sababu magonjwa ya kifua ya binadamu yanajulikana kuwaua. Utaratibu huo ni mzuri na nauunga mkono. Lakini mtoto aliyezaliwa leo Mwamgongo, kijiji kinachopakana na hifadhi hiyo hiyo, anapokelewa na mikono ya mkunga mwenye homa, na sioni kanuni inayomlinda. Kwa nini?

Mganga mfawidhi, Uvinza

Dada, pole na kazi. Unayosema kuhusu kuambukiza ni kweli tupu. Lakini msimamo wako umeuandika kama mtu mwenye wenzake kumi.

Sisi tuko wawili. Mwenzangu akienda kufuata dawa, nimebaki peke yangu. Usiku analetwa mama kwa bodaboda, kajifungulia njiani, kondo la nyuma limegoma, damu inamwagika. Mimi nina homa. Nimwambie aende wapi? Kituo cha afya kiko mbali na barabara ya masika unaijua. Nitavaa barakoa, nitanawa, nitamchoma oksitosini ya kuzuia damu, nitafanya nilichofundishwa. Mafua yangu huenda yakamdhuru. Nisipomgusa, atakufa kabla hakujapambazuka.

Ukiweka kanuni kwamba mwenye homa asikanyage zahanati, umeweka kanuni ya kufunga zahanati. Na zikifungwa za vijijini, wa mjini hawatajua.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi

Naomba na sisi tunaokaa upande wa pili wa meza tusikike. Mama yangu ana pumu. Juzi nilimpeleka akapimwe, nesi aliyempokea alikuwa anakohoa muda wote na hana kitu usoni. Sikusema neno. Utamwambiaje nesi? Ukimkera, utapata huduma kwa nani? Nilimgeuza mama kichwa tu, akaangalia ukutani.

Kwa hiyo mkisema mtu abaki zamu, mtuambie na sisi tuna haki gani ya kusema "nesi, vaa barakoa". Na lile benchi. Wenye vikohozi na wenye vidonda na watoto wa chanjo, wote wamebanana korido moja na madirisha yamefungwa. Mwembe uko nje, kivuli kipo. Waambieni wanaokohoa wakae nje. Hilo linahitaji bajeti gani?

Tabibu, Kasulu

Wakubwa, wote mna hoja, lakini naona tunamwachia mhudumu mmoja mmoja aamue jambo ambalo ni la halmashauri.

Mkumbuke Mei 2015. Warundi walivuka kwa maelfu wakajaa Kagunga, kijiji cha mpakani, kipindupindu kikaingia. Wahudumu na vifaa vilipelekwa, meli ya MV Liemba ikabeba wakimbizi hadi Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika ukawa kituo cha kuwapokea kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Tuliumia, lakini watu walipatikana. Kwa hiyo hatuwezi kusema mkoa huu haujui kumhamisha muuguzi kutoka pointi moja kwenda nyingine kwa haraka. Tunajua, ila tunafanya hivyo pale tu ugonjwa unapopewa jina la kutisha. Machi 2023 homa ya Marburg, inayofanana na Ebola, ilipoingia Kagera, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki, na nchi nzima ikaelewa maana ya kumlinda mhudumu. Mafua yanatumaliza polepole, hayatangazwi, basi kila mtu ajikaze.

Hoja yangu ya pili ni chanjo. Chanjo ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya taifa. Shirika la Afya Duniani linawataja wahudumu wa afya kati ya makundi ya kupewa kipaumbele. Mwaka 2021 chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa nchini, wahudumu tulikuwa wa mstari wa mbele. Kwa nini kwa mafua tusiwe?

Muuguzi anayejitolea, Tabora

Kaka wa Kasulu, chanjo ya mafua inabadilishwa kila mwaka kwa sababu virusi vinabadilika. Ukiianza leo, mwakani unaitafuta tena, na mwaka ambao imeoana vizuri na virusi vinavyozunguka inapunguza ugonjwa kwa asilimia 40 hadi 60. Siikatai. Nasema fedha hiyo ya kila mwaka, pamoja na majokofu yake, kwanza inunue barakoa na sabuni. Kuna siku tunavaa barakoa moja kutwa hadi inalowa.

Halafu dada mtoa mada, umeandika "mshahara wake usiguswe". Mimi sina mshahara. Nimemaliza chuo, nasubiri ajira, najitolea kwa posho. Siku nisipofika, posho hakuna. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa hadi siku 126 ndani ya miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Nzuri sana. Mimi hainihusu. Ukiniambia nikae nyumbani siku tano kwa sababu ya mafua, umeniambia wanangu wasile siku tano. Nitakuja kazini, na nitaficha kikohozi.

Na tuko wengi. Kwenye baadhi ya zamu sisi ndio wengi.

Mtoa mada

Nimesoma wote. Mdogo wangu wa Tabora, maneno yako yamenikaa moyoni. Mtu anayeficha kikohozi ili ale ni hatari kuliko anayejulikana kuwa anaumwa, na si kosa lake.

Kaka mfawidhi, kwa mama anayemwaga damu nami ningeingia na homa yangu, barakoa usoni. Hapo sibishani. Lakini tuwe wakweli: katika siku zetu za homa, dharura ya namna hiyo ni ngapi? Muda mwingi tunapima uzito, tunaandika kadi, tunagawa dawa za presha. Kazi hizo mtu mwingine anaweza kuzifanya, akiwepo.

Na watu wapo! Mikoa hii miwili imejaa wauguzi waliohitimu na hawajaajiriwa, na wastaafu ambao mikono yao bado ni mizuri. Halmashauri iwe na orodha yao kwa kila tarafa, na fungu la posho lililokwisha pitishwa, ili mhudumu akianza homa mfawidhi apige simu moja. Posho hiyo ilipwe hata kwa anayejitolea akiugua, maana ndiye aliye hatarini kama sisi. Chanjo tuidai pia, ila nakubali barakoa itangulie. Na mwembe wa mama wa Kibirizi naanza nao kesho kwenye zahanati yangu, siombi kibali cha mtu. Haki ya kumwambia nesi avae barakoa unayo, mama. Nitaibandika ukutani kwa maandishi makubwa.

Kaka wa Uvinza, nijibu hili moja. Ungekuwa na namba ya mtu wa akiba, ungempigia siku ya ngapi ya homa?

Mganga mfawidhi, Uvinza

Siku ya kwanza, dada. Tena asubuhi kabla ya kufungua mlango. Lakini fungu hilo likipitishwa bila nauli ya boti, kwa vijiji vya kusini kama Kalya orodha yako itabaki karatasi. Iandikeni na nauli.