Yule mchambuzi wa "maji ya uvuguvugu" sasa kazidi!!

Wakuu, nina hasira hapa natamani kuibamiza simu ukutani. Yule jamaa wa siasa za Marekani, mnamjua, leo kwenye spesi (mjadala wa sauti mtandaoni) tukiongelea mchujo, yaani uchaguzi wa ndani wa chama wa kumpata mgombea, kanikatia maiki katikati ya sentensi eti "mgombea wa wastani hapiti mchujo, na akipita nani atampa kura, maji ya uvuguvugu yale." Halafu akacheka. Kicheko kimefika mpaka mwezini!

Nilikuwa ndo namtajia Biden 2020, mtu wa wastani huyo. Mchujo wa Democrat, majimbo ya mwanzo: Iowa wa nne, New Hampshire wa tano, watu wameshamzika, ikaja South Carolina tarehe 29 Februari wapiga kura weusi wakambeba, wapinzani wake Buttigieg na Klobuchar wakajitoa wakamuunga mkono, Novemba akachukua nchi. Nimefika "South Caro..." maiki hiyoo, kakata. Kacheka!

Na Delaware 2010 je? Republican walikuwa na Mike Castle, keshakuwa gavana, mtu wa kati kabisa, wenye chama wakamtema kwenye mchujo wakamleta Christine O'Donnell wa mrengo mkali, Coons wa Democrat akamgaragaza asilimia 57 kwa 40. Kiti cha Seneti kikapotea hivi hivi. Mchujo wanaenda wenye moto, Novemba wanakuja wote, hicho tu ndo nilitaka kusema, mtu anakucheka mbele ya watu!!

jembe_butu: Uzi mzima kisa kicheko? Kanywe maji mkuu, ya uvuguvugu 😂

bibi_kura: Hana adabu huyo, hata mimi alinikata nikiwa kwa Murkowski, yule seneta wa Republican. Alaska 2010 kapigwa mchujo, Novemba watu wakaandika jina lake kwa mkono, kashinda.

mzuka09: Biden alibebwa na watu kumchoka Trump bana. Kasich wa Republican 2016 si alikuwa wa wastani? Kaambulia jimbo moja tu, Ohio, kwao.

jembe_butu: 😂😂 kwao

kalamu_nyekundu: Kero ni mchujo wa kufungwa. New York kama hujajiandikisha na chama hupigi, huyo wa kati atapigiwa na nani?

mzuka09: Bora hao. Iowa 2020 programu ya simu ya kutuma matokeo imegoma, matokeo siku kibao!

bibi_kura: Iowa usinikumbushe. Miaka yote ile kwa nini walikuwa wanatangulia wao?

kalamu_nyekundu: New Hampshire nao wana sheria kabisa, mchujo wao lazima utangulie mingine. Nani kawapa?