Mhusika mmoja wa kampeni ya peke yako: renja, kasisi au manju?

Mwanga_Juu (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Kundi letu la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, limetawanyika, wenzangu wako Dar na Mwanza kikazi. Nimeamua kuendelea peke yangu: mimi ndiye mchezaji, na mimi ndiye msimamizi anayeongoza hadithi. Nikitaka kujua kama lango lina mlinzi, narusha dadu inijibu ndiyo au hapana. Natumia kanuni za 2014, zile za msingi ambazo tangu 2023 zimeachiwa huru na mtu yeyote anazipata bure.

Ulimwengu wangu ni njia ya zamani ya misafara, Ujiji hadi Unyanyembe, nikichanganya na majini na mazimwi. Kuna chumvi ya Uvinza, kivuko cha Malagarasi na mtemi anayetoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kisha miombo mpaka Urambo kwa wapiganaji wa rugaruga. Kwa hiyo mhusika wangu lazima apigane, ajitibu, anyemelee, afungue kufuli, na ajue kuongea na mtemi asikamuliwe shanga zote.

Kwenye aina za wahusika nimebakiwa na watatu. Renja ni mgumu na anajua pori. Kasisi anatibu. Manju, yaani mwimbaji, kuanzia leveli ya 2 anaongeza nusu ya alama zake za umahiri kwenye dadu hata kwa kazi asiyojifunza. Mimi moyo uko kwa manju, maana ndiye anayegusa kila kitu. Nyie mngechukua nani, na kwa nini?

Mlina_Asali (Sikonge)

Mleta mada, chukua renja, wala usizunguke. Anaanza na dadu ya uhai (inayopima uhai wake) ya pande 10, anashika silaha zote za vita, na anachagua ujuzi wa aina tatu. Halafu kuna jambo ambalo wengi wanalipita kwa sababu wanacheza kundi: katika mazingira aliyoyazoea, renja anayesafiri peke yake anaweza kunyemelea bila kupunguza mwendo. Faida hiyo imeandikwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Humo humo hapotei njia, na akitafuta chakula anapata mara mbili.

Akifika leveli ya 2 anapata uganga wa matunda: nafasi moja ya kufanya uganga inazaa matunda 10, kila moja linarudisha uhai 1 na kumshibisha mtu siku nzima. Yanadumu saa 24. Ukienda kulala na nafasi ambazo hukutumia, zigeuze matunda, asubuhi unaamka na akiba. Nimekaa sana kwenye miombo kwa ajili ya mizinga yangu, najua thamani ya kutembea na chakula mfukoni.

BintiUjiji

Kaka Mlina_Asali, shikamoo. Umesema kweli tupu kuhusu renja, ila tazama ramani ya mleta mada. Renja wa leveli ya 1 anachagua mazingira ya aina moja, ya pili anasubiri mpaka leveli ya 6. Akichagua msitu, Malagarasi kuna kinamasi kikubwa, na pale ndipo penye mamba na kivuko. Akichagua kinamasi, miombo inamkuta mgeni.

Mimi naomba tuanze na swali lingine. Mhusika wako anafika sifuri ya uhai, hana mtu pembeni. Nini kinafuata? Kila zamu anarusha dadu ya pande 20. Kumi au zaidi ni nafuu, chini ya hapo ni hatua kuelekea kufa. Nafuu tatu, ametulia. Hatua tatu, amekufa. Sasa adui akiwa amesimama juu yake na akampiga, pigo moja linahesabiwa hatua mbili. Kwenye kundi, mwenzako anakurukia na dawa kabla ya hapo. Peke yako unaangalia tu. Ndiyo maana kwangu mhusika anayefaa kwa kila kazi ni yule asiyefika sifuri, na akifika ana namna ya kurudi. Ujuzi mwingi haumsaidii aliyelala chini.

Kwa kipimo hicho namchukua kasisi. Anaanza na ngao, na ukimpa njia ya Uhai, tawi la ukasisi la uponyaji, anavaa hata deraya nzito. Kila asubuhi anachagua upya uganga wake kutoka orodha nzima ya makasisi, ilhali manju na renja wamefungwa na ule uganga waliojifunza. Leo unavuka mto, unaandaa hivi. Kesho una kesi mbele ya mtemi, unaandaa vingine. Ana pia uganga mdogo usioisha, ule wa mwongozo, unaoongeza dadu ya pande 4 kwenye jaribio lolote la ujuzi: kunyemelea, kufungua kufuli, kubembeleza. Na akifika leveli ya 3 anaita silaha ya roho inayopiga kwa tendo la ziada (juu ya tendo kuu la zamu) kwa dakika nzima, bila kumtaka akazie fikra. Mtu mmoja, mapigo mawili kwa zamu. Adui watatu wakikuzunguka utaelewa kwa nini nalipenda hilo kuliko yote.

Isevya_Stesheni (Tabora)

Namuunga mkono dada. Kuhusu manju, mkuu, soma vizuri kipaji chake kikuu. Ile dadu ya kutia moyo, ya kuongeza kwenye matokeo, anampa kiumbe mwingine, yeye mwenyewe hawezi kujipa. Manju bila mtu wa kumwimbia amepoteza nusu ya fani yake. Mwizi, aina nyingine ya mhusika, naye ana tatizo la jinsi hiyo: pigo lake la kuvizia linahitaji apate faida kwanza, kwa mfano kwa kujificha, au awe na mwenzake karibu na adui.

Mwanga_Juu

Hilo la manju sikuwa nimelitazama hivyo. Basi dada BintiUjiji, nisaidie hapa: kasisi aliyevaa chuma atanyemeleaje? Na kufuli?

BintiUjiji

Kufuli ni rahisi. Kanuni zinakuruhusu ujitungie historia ya mhusika: ujuzi wowote miwili, pamoja na vifaa au lugha viwili. Chukua kunyemelea na utambuzi, vifaa vya mwizi, na lugha moja ya wenyeji wa njiani. Kwenye ujuzi wa ukasisi wenyewe chagua kubembeleza na kusoma nia ya mtu, hapo mtemi umeshamwandalia.

Mavazi sasa. Epuka deraya nzito ingawa unaruhusiwa. Weka wepesi 14, vaa deraya ya magamba na ngao, kinga yako (namba ambayo adui lazima aifikie ili akupate) inakuwa 18, sawa kabisa na mwenye deraya ya minyororo na ngao. Halafu nunua vazi la ngozi kwa dhahabu 10, libebe. Usiku wa kupeleleza unavua magamba, unavaa ngozi kwa dakika moja tu, kinga inashuka hadi 15 lakini hupigi kelele. Kurudia magamba ni dakika tano, kwa hiyo panga mapema.

Gungu_Kwetu

Naongeza fupi: kwa asili awe nusu-orki, mtu mwenye damu ya jitu la orki. Akiangushwa bila kuuawa papo hapo, mara moja kwa kila mapumziko marefu (kama kulala usiku) anabaki na uhai 1 badala ya sifuri. Kwa mchezaji wa peke yake sioni asili nyingine inayofikia hapo.

Isevya_Stesheni (Tabora)

Mimi nina neno moja zaidi, na hili nalisema kama Mnyamwezi. Msafara hautembei na mtu mmoja. Mpe kasisi wako mpagazi. Sanduku la mchezo huu liitwalo Essentials Kit, la 2019, lina kanuni za wasaidizi wa aina tatu, na yule mtaalamu anaweza kukusaidia kwa tendo la ziada, ukapata kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Mkabidhi mkoba wa matabibu, ni dhahabu 5, unatumika mara 10, na anayeutumia anamtuliza aliyeanguka bila kurusha dadu yoyote. Swali la dada la nani atakuokoa ukianguka linajibiwa na mpagazi, naye unamwendesha bila kukuchosha akili.

Mlina_Asali (Sikonge)

Marahaba mwanangu BintiUjiji. Kwa kinamasi umenishinda. Kwa kampeni ya msituni pekee bado nitasema renja.

Mwanga_Juu

Wakuu, nimeamua: nusu-orki, kasisi wa njia ya Uhai. Hekima 15, wepesi 14, mwili 14, nguvu 12, haiba 12, akili 8. Uhai 10, kinga 18. Mpagazi wake ni mtaalamu, amebeba mkoba wa matabibu na lile vazi la ngozi. Naanzia Uvinza na mzigo wa chumvi.

BintiUjiji

Umepanga vizuri. Ukipata dhahabu 50 za kwanza, nunua dawa ya uhai na umpe mpagazi aishike, usikae nayo wewe. Ukiwa umezimia huwezi kuinywa, yeye anaweza kukunywesha.