Re: Modemu haisikii mlio wa laini, na bili ya simu imefika dola 187

Kutoka: Mama Watatu, Texas
Tarehe: 9 Machi 2002

Ndugu zangu, asalaam alaikum.

Naomba msaada wenu kwa mambo mawili yaliyoninyima usingizi wiki hii. Mwezi uliopita, baada ya kuzungushwa na ofisi ya simu kwa sababu SSN yangu, yaani namba ya hifadhi ya jamii, ilikuwa haijatoka, hatimaye niliwekewa laini nyumbani, tena kwa dhamana. Mwanangu akaniletea kompyuta kuukuu, Pentium yenye Windows 98 na modemu ya nje (kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kwa laini ya simu) ya kasi ya kilobiti 33.6 kwa sekunde, tukajiunga na kampuni moja ya intaneti kwa dola 10 kwa mwezi. Tulichagua namba ya kupigia yenye msimbo wa eneo uleule wa laini yetu, tukiamini kwamba hiyo ni simu ya ndani ya mji. Jumatano bili imeingia: dakika 2,342 za simu ya mbali, kila dakika senti 8, jumla dola 187 na senti 36. Nilikwenda ofisini nikiwa na bili mkononi, na dada wa dirishani akaniambia kwamba namba ile iko nje ya eneo langu na kwamba nilipaswa kujua. Ningejulia wapi, nami sina hata miezi minne hapa?

La pili, tangu Alhamisi modemu haipigi kabisa. Taa ya OH, ya kuonyesha modemu imeinua laini, inawaka, nasikia mlio wa laini ukikatikakatika, kisha taa inazimika na kompyuta inaandika hitilafu 680. Taa ya CD, ya kuonyesha tumeunganishwa, haijawaka tangu siku hiyo. Simu ya kawaida nikiichomeka kwenye tundu lilelile inapiga vizuri. Ofisi inasema fundi akija na kukuta kasoro iko ndani ya nyumba, gharama ni juu yangu.

Je, yupo kati yenu aliyewahi kufutiwa deni la namna hii? Na hii 680 naiondoaje?

---

Kutoka: Mpemba wa Leicester
Tarehe: 9 Machi 2002

Pole sana, dada. Yamenikuta hayo hapa Uingereza mwaka 1999. Wakati huo dakika moja ilikuwa karibu peni 4 mchana na peni 1 mwisho wa wiki, nami sikulijua hilo mpaka bili ya kwanza ilipofika. Tangu siku ile niliweka saa ya jikoni kando ya kompyuta. Barua pepe zote niliziandika laini ikiwa imekatwa, nikaziweka tayari, na Jumamosi asubuhi nikaunganisha kwa dakika sita tu, nikatuma na kupokea kwa pamoja, kisha nikakata na kuanza kusoma kwa utulivu.

Kuhusu 680, nadhani ni simu ya pili inayoingia na kukata laini. Weka #43# kabla ya namba ili kuizuia simu hiyo ya pili. Halafu nunua modemu ya 56k, utatumia nusu ya dakika unazotumia sasa.

---

Kutoka: Mzee wa Silver Spring
Tarehe: 10 Machi 2002

Ndugu zangu, naomba tusimpe mama huyu majibu ya kubahatisha, maana kila jaribio linamgharimu.

Kwanza, #43# ni ya Uingereza. Huku Marekani ni *70, na kama laini yake haina huduma ya simu ya kusubiri, kuweka *70 kunaweza kuizuia simu isitoke kabisa. Tena, simu ya pili huikata modemu ikiwa tayari imeunganishwa, haisababishi 680. Hitilafu 680 maana yake ni moja tu: modemu imeinua laini na haikuutambua mlio wa kupigia.

Mama mwenyewe ameshatupa jibu alipoandika kwamba mlio unakatikakatika. Huo ndio mlio ambao kampuni za simu za huku huweka kukuarifu kwamba kuna ujumbe kwenye sanduku lako la sauti. Sikio la binadamu linauelewa, lakini modemu inasubiri mlio ulionyooka, na isipoupata inakata tamaa. Kwa hiyo, sikiliza ujumbe wako na uufute, kisha ujaribu tena. Ili jambo hili lisijirudie, ingia kwenye mipangilio ya modemu, ukurasa wa muunganisho, uondoe alama kwenye kisanduku kinachoiamuru modemu isubiri mlio kabla ya kupiga. Ukipenda, nenda kwenye mipangilio ya ziada uandike X3, amri ya modemu ambayo inafanya kazi ileile. Kisha tangulize mikato miwili (,,) mbele ya namba ya kupigia. Kila mkato huipa modemu pumziko la sekunde kama mbili, nao mlio wa kukatika utakuwa umepita.

Pili, usimwite fundi kabla hujajipima mwenyewe. Kama unakaa kwenye nyumba na si fleti, tafuta ukutani nje kisanduku cha kijivu ambako waya wa kampuni unaishia. Ndani yake mna tundu la majaribio. Chomeka simu hapo: ikiwa kasoro ipo hapo pia, ni yao; ikiwa haipo, ni waya wa ndani, na huo ni wako.

Tatu, hiyo 56k haifiki 56. Kanuni za FCC, tume ya mawasiliano ya serikali kuu ya Marekani, zinaishia 53.3 katika kupokea, na katika kutuma V.90, kiwango kinachofuatwa na modemu hizo, haizidi 33.6. Hata hiyo inapatikana pale tu ambapo kati ya kampuni ya intaneti na nyumba yako sauti inabadilishwa kutoka dijitali kwenda analogi mara moja tu. Mimi nilinunua, nikaiweka fleti, na kwa mwaka mzima nimepata 28.8.

---

Kutoka: Mpemba wa Leicester
Tarehe: 10 Machi 2002

Shikamoo, Mzee. Sikubahatisha, nilieleza lililonisaidia mimi, na nilitaja wazi kwamba niko Uingereza. Kuhusu X3 nakubali, sikuwa naijua.

---

Kutoka: Binti Mvita, Toronto
Tarehe: 11 Machi 2002

Mama, kuhusu bili nakushauri uwaandikie FCC mara moja. Usikubali kunyamazishwa dirishani.

Nimeisoma habari yako na moyo umenienda nyumbani. Kaka yangu Mombasa hupanga foleni kwenye saiba, duka la intaneti, kwa nusu saa, alipe kwa dakika, na barua yangu yenye picha moja ya mtoto ikamalizia muda wake wote kabla haijafunguka. Sasa nampelekea maandishi matupu. Na kosa si lake wala si la mwenye saiba. Njia yote ya intaneti ya kwenda nje imeshikwa na Telkom, kampuni ya simu ya Kenya, kupitia mtandao wake wa Jambonet, na kampuni za intaneti zilipojiwekea kituo chao cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, mwaka 2000 ili barua ya Nairobi kwenda Nairobi isizungukie Marekani, kilifungwa baada ya majuma mawili tu. Kimeruhusiwa mwezi uliopita. Nani atawalipa watu kwa zaidi ya mwaka mzima waliosubiri?

---

Kutoka: Mzee wa Silver Spring
Tarehe: 11 Machi 2002

Binti, hilo la KIXP limenikera nami. Barua ikipanda setilaiti ni kilomita 36,000 kwenda juu na 36,000 kushuka, wakati anayeandikiwa yuko mtaa wa pili.

Lakini FCC si mahali pa kupeleka shauri hili. Namba aliyoipiga mama iko ndani ya Texas, na simu za mbali za ndani ya jimbo ziko chini ya PUC, tume ya jimbo ya huduma za umma. Akiandika FCC watamrudisha hukohuko na muda utakuwa umepotea. Na mama, kabla ya kupiga namba yoyote mpya, fungua kurasa za mwanzo za kitabu cha simu. Tazama tarakimu tatu zinazofuata msimbo wa eneo. Kurasa hizo zinaorodhesha zipi kwako ni za ndani ya mji. Msimbo wa eneo peke yake haukuambii kitu.

---

Kutoka: Mama Watatu, Texas
Tarehe: 13 Machi 2002

Nawashukuru nyote, na Mzee, shikamoo.

Sanduku la sauti nilikuwa nalo bila kujua, na lilikuwa na jumbe tatu: moja ya shule ya mtoto na mbili za ofisi ya simu ikinidai. Nimezifuta zote, nimeweka X3 na mikato miwili, na namba mpya nimeihakiki kitabuni, tarakimu kwa tarakimu, kisha nikapiga opereta kuthibitisha. Jana saa nne usiku modemu ilinyamaza kidogo, ikapiga, ikalia ule mlio wake mkali wa kukwaruza, halafu ikanyamaza na taa ya CD ikawaka. Tuliunganishwa kwa 31,200. Zilishuka barua tatu za kaka yangu wa Tanga. Ya kwanza ni ya tarehe 27 Februari, akiuliza kama tumefika salama kwenye nyumba mpya.

Kuhusu bili, mwisho wa kulipa ni tarehe 22. PUC nimewapigia, wakanitaka nianze kwa kuandika malalamiko kwa kampuni yenyewe. Narudia swali langu la kwanza: yupo aliyewahi kufutiwa, walau nusu, na aliandika nini kwenye barua yake?