Card na Krueger: 2.76 imetoka wapi wakati New Jersey iliongezeka 0.59 tu?

Mchumi_Mtaani:
Wakuu, habari za leo. Nauliza kuhusu utafiti wa David Card na Alan Krueger wa 1994, ule wa kima cha chini cha mshahara. Jedwali linaonyesha wastani wa wafanyakazi kwa mgahawa New Jersey ulitoka 20.44 ukafika 21.03, nyongeza ya 0.59. Mbele kidogo wanasema athari ni 2.76. Imepatikanaje? Na je, mbinu hii inafaa kupimia amri ya kima cha chini Tanzania Bara?

Jedwali_la_Pili:
Mkuu, umesoma safu moja ukaacha ya jirani. Aprili 1, 1992 New Jersey ilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, jimbo jirani la Pennsylvania likabaki na 4.25. Walihoji migahawa 410 ya Burger King, KFC, Wendy's na Roy Rogers kabla ya kupanda, wakairudia Novemba na Desemba. Pennsylvania ilishuka kutoka 23.33 hadi 21.17, yaani −2.16. Sasa toa: 0.59 − (−2.16) = 2.75. Hiyo 0.01 ni desimali zilizokatwa.

Dhana inayobeba hesabu yote: bila sheria mpya, New Jersey nayo ingeshuka kama jirani yake. Na angalia sehemu kubwa ya 2.76 inatoka wapi. Inatoka kwenye anguko la Pennsylvania, yenye migahawa 79 tu kwenye sampuli, dhidi ya 331 ya New Jersey. Hitilafu sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba kwa bahati ya sampuli) ni 1.36, kwa hiyo matokeo yamevuka kwa taabu mstari wa asilimia 5, ule wa kusema si bahati tupu. Ukinukuu, andika "hawakuona ajira ikipungua". Anayeandika "kupandisha mshahara huongeza ajira" anauvuta utafiti kuliko unavyofika.

Dodoso:
Nyongeza kidogo. Hizo 20.44 si vichwa vya watu. Ni mameneja, jumlisha wa muda wote, jumlisha nusu ya wa muda mfupi. Mgahawa wenye mameneja 3, wa muda wote 8 na wa muda mfupi 19 unapata 3 + 8 + 9.5 = 20.5. Ukihesabu vichwa utapata 30, na mwajiri akigeuza wawili wa muda mfupi kuwa mmoja wa muda wote utadhani kapunguza kazi.

Pia migahawa iliyofunga kabisa iliwekewa sifuri, haikufutwa. Wanafunzi wengi huifuta kwenye data, halafu wanashangaa mbona sheria haikuumiza mtu.

Jedwali_la_Pili:
Kuhusu Bara: amri inaanza siku moja nchi nzima, kwa hiyo huna Pennsylvania. Zanzibar ina kima chake, lakini uchumi wa visiwani unategemea utalii kiasi kwamba mwenendo wake hauwezi kusimama badala ya Mwanza au Dodoma.

Tumia kipimo chao cha pili, ambacho watu hukiruka: pengo la mshahara. Kwa kila mwajiri chukua mshahara wa kuanzia wa kabla ya amri, uutoe kwenye kima kipya, ugawanye kwa huo wa zamani. Aliyekuwa akilipa dola 4.25 ana pengo la 0.80/4.25, karibu asilimia 19. Aliyelipa 4.75 ana kama 6, na aliyeshafika 5.05 ana sifuri. Huyu wa mwisho ndiye kundi linganishi lako, humo humo ndani ya nchi.

Mchumi_Mtaani:
Asante sana mkuu. Na kama mwajiri hatii amri?

Dodoso:
Basi pengo kwenye karatasi ni kubwa na mshahara haukusogea. Anza kwa kupima kama mshahara wenyewe ulipanda kwa wenye pengo kubwa. Usipopanda, usiendelee na ajira, hakuna kilichotokea cha kupima. Muulize mfanyakazi pia, si meneja peke yake. Na linganisha ndani ya sekta moja, maana viwango vya Bara hutofautiana kisekta: wa majumbani na wa migodini hawaingii hesabu moja.