Je, ni salama kuzunguka wenyewe Khe Sanh na Mto Ben Hai?

Muulizaji: Ndugu zangu, mimi ni mwanafunzi hapa Hanoi. Mwezi wa nne nakusudia kwenda na mwenzangu mkoani Quang Tri, katikati ya Vietnam, tukodi pikipiki na kuzunguka wenyewe kuanzia Daraja la Hien Luong juu ya Mto Ben Hai, uliotenganisha Vietnam Kaskazini na Kusini baada ya 1954, hadi Khe Sanh. Mwenzangu anataka pia kuokota ganda la risasi ampelekee baba yake, askari mstaafu. Je, ardhi ile inakanyagika bila hofu ya mabomu yaliyosalia vitani?

Mchangiaji wa kwanza: Maeneo yaliyofunguliwa kwa wageni hayana shida. Mahandaki ya Vinh Moc, ambamo wanakijiji waliishi wakati wa vita na hata kujifungulia watoto, yana taa na njia zinazotunzwa, na uwanja wa zamani wa ndege wa Ta Con huko Khe Sanh, ambapo wanajeshi wa Marekani walizingirwa kwa siku 77 mwaka 1968, sasa una makumbusho. Hatari huanza pale mtu anapoiacha njia ili apige picha au ajisaidie kichakani. Vibomu vilivyomwagwa kutoka kwenye ndege, vingine visivyozidi ukubwa wa chungwa, vingi havikulipuka. Kutu imevifanya vifanane na mawe, na mvua kubwa huvifukua na kuvisogeza, hivyo mahali palipokaguliwa zamani hapaaminiki milele. Msiwashe moto porini, maana joto laweza kuvilipua.

Mchangiaji wa pili: Pikipiki inafaa kwa Barabara Na. 9 iendayo Khe Sanh, lakini vilima vinavyoizunguka Khe Sanh msivipande bila mwenyeji anayevijua. Nawasihi mwanzie mjini Dong Ha, kwenye kituo cha maonyesho kuhusu mabomu, mkajifunze sura zake kwa macho yenu. Ama hilo ganda, mwenzako aliache kabisa: risasi nzima iliyoliwa na kutu ni vigumu kuitofautisha na ganda tupu, na watu wengi wa mkoa ule wamepoteza mikono na maisha kwa kuokota vyuma.

Muulizaji: Nashukuru sana. Amekubali kumpelekea mzee kahawa ya Khe Sanh badala yake. Tukikutana na kitu tusichokielewa, tufanyeje?

Mchangiaji wa pili: Simameni hapo hapo, msikiguse wala kukirushia kitu, mrudi kwa kukanyaga nyayo zenu wenyewe, kisha mwarifuni mwanakijiji wa karibu, kwa kuwa wenyeji wanajua jinsi ya kuiita timu ya wateguaji wa mabomu.