Land Rover Series III imekufa nguvu mlimani: ni taimingi au nishushe injini?

Mbeba_Viazi (Uyole):
Wakuu, habari za asubuhi. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, injini ya 2.25, aliniachia marehemu baba. Nabebea viazi kutoka Isyonje. Mwezi uliopita ilikuwa inamisi, fundi akafunga kontakti pointi mpya, zile za kukata umeme wa cheche, na kondensa. Misi ikaisha, lakini tangu siku hiyo gari haina nguvu. Mlima niliokuwa napanda na gia ya tatu sasa natafuta ya pili. Rejeta inachemka, nikiachia mafuta eksozi inapiga paa-paa, na juzi jioni niliona manifoldi imekuwa nyekundu. Fundi mwingine kasema pistoni zimekwisha, nishushe injini. Hela niliyonayo ni ya mbolea. Naombeni ushauri kabla sijamkubalia.

Fundi Mstaafu (Mafinga):
Kamwene ndugu yangu. Usishushe kitu. Pistoni haziwezi kuisha siku ileile uliyobadilisha pointi.

Taimingi yako, yaani wakati wa cheche kutoka, imechelewa. Inawaka pistoni imeshaanza kushuka, moto unamalizikia kwenye eksozi badala ya kusukuma. Wekundu na joto vinatoka hapo.

Aliyefunga pointi alipima kwa fila geji, vile vibati vya kupimia uwazi, au kwa jicho? Uwazi wake ni milimita 0.35 hadi 0.40, unapimwa kisigino cha pointi kikiwa juu kabisa ya kona ya shafti. Hili mafundi wengi wanaliruka: uwazi wenyewe unahamisha taimingi. Cheche inatoka pointi zinapofunguka, kwa hiyo uwazi ukiwa mdogo zinafunguka kwa kuchelewa. Rekebisha uwazi kwanza. Ukianza na kuzungusha disitributa, kile chombo chenye pointi kinachogawa cheche kwenye plagi, utahangaika mpaka giza.

Ukimaliza, toa plagi ya silinda namba 1, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa hendeli. Upepo ukisukuma kidole, ipeleke taratibu mpaka alama ya puli ikutane na digrii za kitabu chako. Soma kitabu kweli, maana hizi injini zilitoka na mgandamizo wa 7:1 na wa 8:1, na digrii hazilingani. Chukua taa ya volti 12, waya mmoja kwenye waya mwembamba wa disitributa, mwingine kwenye bodi. Washa swichi, legeza disitributa, izungushe polepole kinyume na inavyozunguka rota, kile kidole kilicho juu ya shafti yake. Taa inapowaka tu, kaza hapohapo.

Dada wa Gereji (Iringa):
Shikamoo mzee. Naongezea bomba la vakyumu, lile linalosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa ya injini. Kaka, lichomoe kwenye kabureta ulinyonye kwa mdomo huku kofia ya disitributa ikiwa wazi. Sahani ya pointi isogee na ibaki pale. Hewa ikipita bure, ngozi ya ndani imepasuka. Shika na shafti ya disitributa uitikise pembeni. Ikicheza, uwazi hautatulia hata upime mara kumi.

Mzee wa Tukuyu:
Ugonile. Msisahau mnyororo wa taimingi. Weka gia ya nne, swichi imezimwa, sukuma gari kidogo mbele kisha nyuma huku mwenzio anaangalia rota. Puli ikienda mbali kabla rota haijafuata, mnyororo umelegea.

Fundi Mstaafu (Mafinga):
Umesema kweli, mzee mwenzangu. Jambo lingine: Mbeya mko kama mita 1,700, hewa nyepesi, injini inavumilia digrii moja au mbili za ziada za kuwahisha cheche. Lakini akishuka Kyela na mzigo, akasikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo, arudishe taimingi nyuma upesi. Kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni.

Mbeba_Viazi (Uyole):
Wazee wangu, dada yangu, asanteni sana. Nimeazima fila geji kwa jirani. Uwazi ulikuwa 0.20! Nimeweka 0.38, nikatega kwa taa kama mzee alivyoeleza. Mnyororo uko vizuri, vakyumu inashika. Leo nimetoka Isyonje na magunia kumi na mawili, Mlima Nyoka nimeupanda na tatu, rejeta imetulia. Shafti inacheza kidogo kweli. Dada, bushi yake, ile pete inayoishika, inachongwa kwa shaba au nitafute disitributa nyingine?

Dada wa Gereji (Iringa):
Chongesha ya shaba, kaka. Nenda na shafti yenyewe kwa fundi wa lathe, asipime kwa kukisia. Kabla hujaichomoa, piga alama rota ilipoelekea.